Kete Iliyoliwa Huenda Wapi? Uhalisi wa Mwendo katika Michezo ya Vita vya Angani

Swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili laweza kuonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kuwa dogo mno kwa jarida la uhakiki wa fasihi. Ni hili: je, mchezo wa mezani unaoigiza vita vya angani una wajibu wowote wa kufuata kanuni halisi za mwendo wa vitu angani? Na kama unao, je, wajibu huo ni wa kisanaa tu, yaani wa kumridhisha mchezaji ajuaye fizikia, au ni wajibu wa kimaadili? Tutashikilia kwamba ni wa kimaadili, ingawa si kwa sababu ile itolewayo mara nyingi na wapenzi wa michezo hii. Wao husema kwamba uhalisi ni jambo jema kwa kuwa ukweli ni jambo jema. Hoja hiyo haitoshi, na mhakiki wa fasihi ana haki ya kuitilia shaka kabla ya mtu mwingine yeyote, maana amekwisha kuona jinsi neno "uhalisi" lilivyotumiwa kutetea kazi nyingi zisizostahili kutetewa.

Yafaa kwanza tueleze aina yenyewe ya mchezo, kwa kuwa si wasomaji wetu wote walioiona. Huchezwa mezani, juu ya ramani iliyogawanywa katika vyumba vya pembesita, kwa kete zinazowakilisha vyombo vya angani na dadu la kuamulia nani amempiga nani. Sehemu kubwa ya michezo hii imerithi tabia zake kutoka katika michezo ya vita vya baharini. Chombo husogea vyumba vinne au vitano, husimama, hugeuka, kisha huenda tena. Mchezaji akiamua kutokwenda, chombo hutulia palepale kama jahazi lililoteremsha tanga mahali pasipo na mkondo. Angani hakuna utulivu wa namna hiyo. Chombo kilichozima mitambo yake huendelea kwa kasi ileile na kwa mwelekeo uleule. Na kikiwa karibu na sayari, njia yake hupindwa na uvutano mpaka ikawa mviringo au duaradufu, njia ambayo wanasayansi huiita obiti. Kilomita 400 juu ya ardhi, kitu huizunguka dunia kwa kasi ya karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, na humaliza mzunguko mmoja kwa muda wa dakika 92 hivi. Kusimama hapo ni kuanguka.

Zipo kazi chache zilizojaribu kuuingiza ukweli huu mezani. Mwaka 1973 kampuni ya Game Designers' Workshop ya Marekani ilitoa Triplanetary, mchezo uliobuniwa na Marc Miller na John Harshman. Humo mchezaji huchora njia ya chombo chake juu ya ramani kwa kalamu inayofutika. Mstari aliouchora zamu iliyopita hana budi kuurudia zamu hii, kwa urefu uleule na mwelekeo uleule. Akitumia mafuta, aweza kuisogeza ncha ya mstari huo kwa chumba kimoja. Kandokando ya sayari vyumba vina mishale inayoonyesha uvutano, na chombo kipitacho humo hupindwa njia, atake mchezaji asitake. Mwaka 1978 kampuni hiyohiyo ikatoa Mayday, ambamo kila chombo kina kete tatu: ya mahali kilipokuwa, ya mahali kilipo, na ya mahali kitakapokuwa. Mchezaji hakisogezi chombo chenyewe. Huisogeza kete ya wakati ujao, tena kwa kadiri ndogo tu ambayo mitambo yake inamruhusu, kisha zamu ikifika chombo hupelekwa huko na mwendo wake wenyewe. Baadaye zimekuja kazi zenye hesabu nzito zaidi, kama vile Attack Vector: Tactical ya mwaka 2004 na High Frontier ya Phil Eklund ya mwaka 2010. Hizo tutazitaja kwa majina tu, kwani jambo linalotuhusu limekwisha kudhihirika katika zile kete tatu.

Pingamizi la kwanza ni la zamani na lina nguvu. Sanaa, tumefundishwa tangu Aristotle, haidaiwi yale yaliyotokea bali yale yanayoweza kuaminika. Katika riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotolewa mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, lakini anakiepuka kifo na kufika katika nchi inayoipa riwaya jina lake. Hakuna msomaji mwenye akili timamu atakayeuliza chombo hicho kilibeba mafuta kiasi gani, wala kilipunguzaje kasi kilipotua. Safari ya Dzombo ni taashira. Inamtoa msomaji katika dola dhalimu na kumpeleka mahali ambapo aweza kuitazama dola hiyo kwa mbali. Kama Mkangi angalijishughulisha na obiti, angaliipoteza riwaya yake. Basi kwa nini mchezo udaiwe kile ambacho riwaya imesamehewa?

Jibu letu linatokana na tofauti ya fani. Katika riwaya, msomaji hapewi uongozi wa chombo. Anasimuliwa kwamba kilikwenda, naye anakubali ili apate kusikia yaliyofuata. Katika mchezo, kukiongoza chombo ndiyo kazi yote ya mchezaji. Mchezo hauna usimulizi unaoweza kubeba maudhui mahali pengine wakati kanuni zinapolala. Kanuni ndizo usimulizi wake, na yale ambayo kanuni zinaruhusu au kukataza ndiyo falsafa yake. Mwandishi wa riwaya akisema uongo kuhusu mwendo, amesema uongo pembeni mwa jambo lake. Mbuni wa mchezo akisema uongo huo, ameusema katika kiini cha jambo lake, tena ameufanya mkono wa mchezaji uuzoee. Mchezaji aliyecheza mara mia amefanya maamuzi maelfu kwa kuamini kwamba kitendo huisha pale mtendaji anapoamua kukiacha.

Hapa ndipo tunapoanza kuona suala la maadili. Tuchukue mfano mmoja wa kihistoria. Tarehe 3 Juni 1965, chombo cha Gemini 4 kilipokuwa kimeingia tu katika obiti, rubani wake James McDivitt alijaribu kukikaribia kipande cha roketi kilichokuwa kimewarusha. Alifanya kile ambacho rubani yeyote wa ndege angefanya: alikielekeza chombo kwenye shabaha, akawasha mitambo. Kadiri alivyojaribu ndivyo alivyozidi kuachana na shabaha yake, na akapoteza mafuta bure mpaka jaribio likakatizwa. Angani, anayetaka kumfikia aliye mbele yake katika obiti moja hana budi kwanza kupunguza kasi. Akipunguza, hushuka katika obiti ya chini, ambako mzunguko ni mfupi na mwendo ni wa haraka zaidi. Humpita mwenzake kwa chini, kisha ndipo hupanda. Methali yetu ya haraka haraka haina baraka, ambayo wanafunzi wa shule za msingi huiandika katika insha zao bila kuifikiria, inageuka hapa kuwa maelezo ya kimakanika. Lakini tusiishie katika kufurahia mlingano huo. Jambo zito ni kwamba katika ulimwengu wa namna hii nia na tokeo havielekei upande mmoja, na asiyejua hivyo atadhuru asichokusudia kukidhuru. Mchezo unaoficha jambo hili unamfundisha mchezaji kwamba hasira iliyonyooka hufika inakokwenda.

Hebu sasa tuiache Marekani tutazame meza zilizo karibu nasi. Kwenye vibaraza vya maduka na karibu na stendi za matatu, Kitale kama Bungoma, mchezo unaoonekana zaidi ni drafti. Ubao huchorwa kwenye kipande cha mbao au cha katoni, na kete ni vizibo vya soda, upande mmoja ukivigeuza juu na mwingine chini. Katika drafti, kete iliyoliwa huondolewa ubaoni. Mlaji huiweka pembeni ya mguu wake, na tangu hapo haina habari tena. Ubao unazidi kuwa mweupe kadiri vita vinavyoendelea. Mwisho hubaki mshindi na nafasi safi.

Bao la pwani halifanyi hivyo. Lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, na kete zote 64 zilizouanza mchezo ndizo zinazoumaliza. Kete zilizoliwa hazitoki. Mlaji huzipanda katika mashimo ya upande wake, moja moja, na huko hubadili hesabu yote ya zamu zijazo, mara nyingine kwa kumwumiza yeye mwenyewe. Tena mchezaji wa bao akishachagua shimo na upande wa kuelekea, hana ruhusa ya kusimama anapotaka. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huzichukua zote akaendelea kupanda, mpaka ile ya mwisho iangukie shimo tupu, ndipo alale. Amri yake ilikuwa ya mwanzo tu. Yaliyofuata ni sheria. Kwa mambo haya mawili, kutopotea kwa kete na kutokatizika kwa mwendo, bao linakaribia ukweli wa obiti kuliko michezo mingi yenye picha za roketi kwenye sanduku. Hatusemi kwamba waliobuni bao waliijua fizikia ya anga. Tunasema kwamba walibuni mchezo wa vita ambao ndani yake hakuna kinachotupwa nje ya ulimwengu, na kwamba hilo ni wazo la kimaadili kabla ya kuwa la kihesabu.

Kwa nini kutotupwa nje kuwe jambo la maadili? Tuangalie kinachotokea chombo kinapopigwa angani. Tarehe 11 Januari 2007 Uchina iliiharibu kwa kombora setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, Fengyun-1C, katika kimo cha zaidi ya kilomita 850. Katika mchezo wa kawaida, huo ungekuwa mwisho: dadu limetupwa, kete imeondolewa, zamu ya mwenzako. Kwa kweli setilaiti moja ilizaa vipande zaidi ya 3,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa kutoka ardhini, na vidogo visivyohesabika, kila kimoja kikishika obiti yake. Katika kimo kile hewa ni haba mno kuweza kuvivuta chini upesi, hivyo vingi vitaendelea kuzunguka kwa miongo mingi. Kipande cha kilo moja kikigongana na kitu kwa kasi ya kilomita 10 kwa sekunde huwa na nishati inayozidi ile ya kilo 10 za baruti ya TNT. Tarehe 10 Februari 2009, Kosmos 2251, setilaiti ya Urusi iliyokuwa imekufa, iligongana juu ya Siberia na Iridium 33 iliyokuwa ikifanya kazi. Hapakuwa na vita wala adui. Mwaka 1978 Donald Kessler na Burton Cour-Palais walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba migongano ya namna hii yaweza kuzaa vipande vinavyozaa migongano mingine, mpaka kimo kizima kikawa hakipitiki. Aliyefyatua kombora amempiga adui wake, na pia amempiga mtu ambaye bado hajazaliwa, mwenye chombo ambacho bado hakijaundwa.

Mchezo unaoiondoa kete mezani hauwezi kulisema jambo hili. Si kwamba unalipinga. Hauna lugha yake. Na mchezo unaoiacha kete mezani, ikiwa imevunjika vipande kumi vyenye mwendo wao, unalisema bila hotuba yoyote, kwa sababu zamu ya tano mshindi mwenyewe atalazimika kupita mahali pale.

Hapa hatuna budi kumkumbuka John Mbiti, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alidai kwamba wakati kwa Mwafrika una pande mbili tu za maana, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali haupo kwa kuwa bado haujajazwa na matukio. Dai hilo limepingwa sana, kwa mfano na Kwame Gyekye kwa ushahidi wa Kiakan, na hata Kiswahili chenyewe, ambacho Mbiti alikiazima maneno hayo mawili, kina kiambishi cha -ta- kisichojali umbali wa siku inayotajwa. Hatukusudii kuufufua mjadala huo. Lakini wazo lake la Zamani kama bahari inayoyameza na kuyahifadhi matukio yote lina manufaa kwetu. Obiti ni Zamani isiyokubali kumeza. Tukio lililopita halizami. Linazunguka, na baada ya dakika 92, au saa 12, linarudi kukatiza njia ileile. Ile kete ya mahali chombo kilipokuwa, ambayo katika Mayday huonekana kama alama ya ukumbusho tu, ndiyo inayoamua kete ya wakati ujao itawekwa wapi.

Tena isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya mataifa mengine. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kwamba ni sehemu ya roketi. Watu wa Mukuku hawakurusha roketi. Hawakuketi kwenye meza iliyochezewa. Ni Ukambani huko, na Mbiti, aliyekuwa Mkamba, aliitumia lugha ya Kikamba kuijenga hoja yake ya Sasa na Zamani. Sadfa tu, lakini ni vigumu kutoiona.

Tumefika kwenye hoja ambayo kwetu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inahusu mahali. Anayetembea mitaani Kitale au Bungoma akainua macho kwenye mapaa ya nyumba ataona kwamba madishi ya televisheni yamelala karibu chali, kama mabakuli yanayongojea mvua. Katika miji ya Ulaya huinama kuelekea kusini. Sababu ni kwamba Kitale iko digrii moja hivi kaskazini ya Ikweta, Bungoma nusu digrii tu, na setilaiti zilizowekwa kwenye longitudo ya digrii 36 mashariki, ambazo kwa miaka mingi zimerusha matangazo ya televisheni ya kulipia katika Afrika Mashariki, ziko karibu wima juu ya vichwa vya wakazi wa miji hiyo. Ziko katika kimo cha kilomita 35,786 juu ya Ikweta, kimo pekee ambamo setilaiti huzunguka kwa muda sawa na dunia yenyewe, hivyo ikaonekana kutoka ardhini kama iliyopigiliwa msumari angani. Hakuna obiti nyingine kama hiyo. Ipo moja tu, na nafasi zake zina kikomo.

Tarehe 3 Desemba 1976, huko Bogotá, nchi za Ikweta zilitangaza kwamba sehemu za obiti hiyo zilizo juu ya ardhi zao ni mali yao ya asili. Kenya ilikuwamo, pamoja na Uganda na Zaire ya wakati huo. Hoja yao, kwa ufupi, ilikuwa ya fizikia: obiti hii imezaliwa na uvutano wa dunia yenyewe, wala si sehemu ya anga tupu lisilo la mtu, kwa hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa ya wote kwa maana ileile. Dai hilo halikukubaliwa. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia sehemu ya anga, na wenye roketi walikuwa wachache. Mtu aweza kuliona dai la Bogotá kuwa la haki au kuwa la tamaa. Sisi twaona kwamba lilikuwa na makosa ya kisheria na swali zuri. Linalotuhusu ni kwamba swali lenyewe haliwezi hata kuulizwa juu ya ramani isiyo na uvutano. Juu ya meza ya mchezo wa kawaida, ambako kila chumba cha pembesita ni sawa na kingine, hakuna Ikweta. Hakuna obiti yenye thamani kuliko nyingine, hakuna mahali pa kurushia roketi palipo bora kuliko pengine. Na pasipo Ikweta hakuna Kenya. Nchi inaingia mchezoni pale tu mbuni anapoukubali uvutano.

Hili si fumbo la maneno. Dunia inazunguka, na mtu aliyesimama kwenye Ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde bila kuhisi chochote. Roketi irushwayo hapo hupewa kasi hiyo bure. Ndiyo maana Waitaliano walijenga kituo cha San Marco baharini karibu na Malindi, na ndiyo maana tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza ya uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka hapo ikaitwa Uhuru. Urushaji wa mwisho kituoni humo ulifanyika mwaka 1988. Setilaiti ya Kenya yenyewe, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Kwa obiti iliyokusudiwa, inayopita karibu na ncha za dunia, Ikweta haikuwa na faida, hivyo hapana ajabu ya kisayansi. Ila anayetaka kuelewa nani anakwenda wapi, na kwa nini, anahitaji ramani yenye maumbile ndani yake.

Kuna pingamizi jingine, nalo hatuwezi kulipita kwa wepesi. Je, usahihi wa mwendo si njia ya kuisahaulisha damu? Mchezaji anayekokotoa mafuta, mwelekeo na wakati wa kugongana anashughulika na mambo safi. Watu waliomo ndani ya chombo ni nambari isiyoandikwa. Kadiri hesabu inavyokuwa sahihi ndivyo mchezaji anavyozidi kujiona mwaminifu, ilhali uaminifu wake wote uko upande wa chuma. Historia ya michezo ya vita inaipa hoja hii uzito: Kriegsspiel ya Prussia, iliyoenea jeshini baada ya mwaka 1824, ilithaminiwa na maofisa kwa sababu ya usahihi wake, na iliwafunza kupigana. H. G. Wells alipochapisha Little Wars mwaka 1913 alitumaini kwamba vita vya vikaragosi vingewafanya watu wakinai vita vikubwa. Mwaka uliofuata ulionyesha kadiri ya tumaini hilo.

Juu ya mji wa Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, kuna kilima cha Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu waliojikinga ndani ya ngome yao ya udongo, mojawapo ya zile walizoziita chingoba, walishambuliwa na kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na C. W. Hobley kutoka Mumias. Ngome hiyo ilijengwa kwa elimu kamili ya vita vilivyojulikana: kimo cha ukuta, kina cha handaki, umbali ambao mkuki hufika. Wenye bunduki walikuja na umbali mwingine. Mtu akibuni leo mchezo wa vita vya Chetambe wenye kufuata kwa makini mwendo wa risasi na usiwe na neno lolote kuhusu walioanguka, tutamwambia kwamba amekuwa sahihi mahali pabaya. Na hatuoni kwa nini tumwambie jambo tofauti mbuni wa vita vya angani.

Hata hivyo pingamizi hili, likitazamwa kwa makini, halidai fizikia ipunguzwe. Linadai kwamba gharama ionekane. Kosa la ule mchezo wa kubuni wa Chetambe lingekuwa kwamba unamwacha mchezaji afanye tendo huku sehemu ya matokeo yake imefutwa ubaoni kabla hajaitazama. Kosa la chombo kinachosimama kikiambiwa kisimame, na la kete inayotoweka ikipigwa, ni lilelile. Wajibu wa mbuni, kwa hiyo, si kuiga kila kitu. Hakuna mchezo unaoweza, na unaojaribu huwa hauchezeki. Wajibu wake umefungwa na yale anayomtaka mchezaji aamue. Akimpa mchezaji silaha, asimfiche ilikokwenda. Mambo mengine, kama rangi ya moshi au sauti ya mlipuko mahali pasipo na hewa, ni ya wapenzi wa maelezo madogomadogo, nasi hatuna ugomvi nao.

Pingamizi la mwisho ni la uwezo. Husemwa kwamba fizikia ya kweli huufanya mchezo kuwa wa wachache, wenye vikokotoo na fedha za kuagiza masanduku kutoka ng'ambo. Hapa ndipo kete tatu za Mayday zinapoonekana kuwa hekima. Hazidai hesabu yoyote zaidi ya kuhesabu vyumba kwa kidole. Wachezaji wa drafti wa Bungoma wana tayari vifaa vyote: kizibo cha Fanta kwa mahali chombo kilipokuwa, cha Sprite kwa mahali kilipo, cha Coca-Cola kwa mahali kitakapokuwa, na duara la chaki katikati ya ubao lenye mishale ya kuvuta ndani. Kinachohitajika zaidi ni kanuni moja ambayo drafti haina na bao linayo, yaani kwamba kizibo kilichopigwa hakiwekwi pembeni ya mguu. Kinakatwakatwa, na vipande vinabaki ubaoni vikisogezwa kila zamu pamoja na vingine.

Swali linalosalia, na ambalo mabingwa wa kanuni za michezo hawajalitatua zaidi ya wanasheria, ni nani avisogeze. Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 unaitaka dola iliyorusha chombo ilipe fidia kwa madhara ya ardhini hata pasipo uzembe wowote, lakini kwa madhara yanayotokea angani hulipa tu ikithibitika kuwa ilikosea. Mezani, tofauti hiyo ingemaanisha kwamba vipande vinavyoangukia duara la chaki vina mwenyewe, na vinavyozidi kuzunguka havina. Wachezaji wawili wangekubaliana haraka kutovishughulikia, kwa kuwa kuvisogeza kunachosha na hakumpi yeyote pointi. Yamkini ingebidi kazi hiyo apewe mtu wa tatu, mmoja wa wale wanaosimama kuzunguka ubao wa drafti wakitazama, ambaye hana chombo mchezoni na ambaye nyumba yake iko ndani ya duara.